Elimu ya saratani nayo izungumzwe kwa Kiswahili

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya juu. Hoja yao kuu ni istilahi: eti lugha hii haina maneno ya kuelezea yanayochunguzwa maabarani. Mimi ni mwanaisimu wala si daktari, lakini nikiitazama historia ya utafiti kuhusu kifo cha seli naona kwamba hoja hiyo haina mashiko.

Mwaka 1972 wanasayansi watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walieleza jinsi seli ya mwili inavyojiua kwa utaratibu maalumu pindi inapoharibika au isipohitajika tena. Jambo walikuwa nalo, jina hawakuwa nalo. Aliyewapa ni James Cormack, profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti. Neno lake, apoptosisi, lilitumiwa na Wagiriki wa kale kwa majani yanayoanguka mtini. Je, Kiswahili kinakosa neno hilo? Mkulima yeyote atakwambia kwamba majani hupukutika. Basi na seli hupukutika.

Neno la pili ni otofajia, lililobuniwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963. Maana yake ni kujila. Seli huzizungushia utando sehemu zake zilizochakaa, ikazipeleka kwenye lisosomu, yaani kifuko chenye vimeng'enya vya kuzivunjavunja, kisha ikatumia upya kinachopatikana. Mjapani Yoshinori Ohsumi alizitambua jeni zinazoendesha kazi hiyo kwa kuchunguza hamira, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Uhusiano wa mambo haya na saratani ulidhihirishwa na daktari Mmarekani, Beth Levine. Mwaka 1999 yeye na wenzake walitangaza kwamba jeni iitwayo beclin 1, inayochochea kujila, mara nyingi huwa imepoteza nakala yake moja katika saratani za matiti, ovari na tezi dume. Walipoirudisha katika seli za saratani ya matiti, seli hizo zilianza tena kujila, na uwezo wake wa kuzusha uvimbe katika panya ukapungua. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako; saratani ni seli zetu wenyewe zilizokataa kufa wakati wao ulipowadia. Levine mwenyewe aliaga dunia mwaka 2020 kwa saratani ya matiti.

Hata hivyo, elimu hii ina upande wa pili. Uvimbe ukisha kukomaa, seli zake huweza kutumia kujila kuko huko ili zistahimili njaa na dawa. Ndiyo maana watafiti wamewajaribia wagonjwa haidroksiklorokwini, dawa ya jamii moja na klorokwini tuliyoimeza miaka mingi kwa ajili ya malaria, ili kuizuia kazi hiyo.

Hapa ndipo penye hatari. Wapo wanaohubiri kwamba kufunga kula siku nyingi huponya saratani kwa kuwa mwili huula uvimbe. Hao wameishika nusu ya habari, nao huieneza kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Nusu iliyobaki imefungiwa katika Kiingereza cha vitabu. Mgonjwa anayeacha matibabu kwa sababu hiyo hulipa kwa uhai wake.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ugunduzi wa Ohsumi na wa Levine ulikuja baadaye, na kazi ya kuuundia istilahi ni yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Cheo hicho hakitoshi ikiwa lugha yenyewe haiingii katika somo la biolojia.

Walimu wenzangu, wale wa sayansi na wale wa Kiswahili waketi pamoja, kama walivyofanya wataalamu wa seli na yule profesa wa Kigiriki. Nanyi wanafunzi, mkishalielewa somo hili, waelezeni wazazi wenu kwa lugha ya nyumbani. Asiyeweza kumweleza mamaye alichojifunza bado hajakielewa barabara.