Kabla ya kumwambia mgonjwa aache tortilla, muulize anakula nini

Kama uko kwenye ile grupu ya WhatsApp ya wanaosaka kazi ya unesi ama kutunza wazee Marekani, unajua stori ni zilezile: mitihani, viza, nauli. Kihispania hakitajwi. Na kule, ukitoa Kiingereza, hiyo ndiyo lugha inayozungumzwa zaidi. Utafika Texas, uketi na mzee mwenye kisukari, na Kiingereza chako chote kisimsaidie.

Najua utakachofanya. Utafungua simu ukariri sentensi kumi. Evite el azúcar, epuka sukari. Coma más verduras, kula mboga zaidi. Poa, anza hapo. Lakini usiishie hapo, manake ushauri wa kukariri unaweza kukuchoma.

Chukua neno tortilla. Kwa mtu wa Mexico ni mkate mwembamba, mara nyingi wa mahindi, unaoliwa kila siku kama sisi na ugali. Ukienda Uhispania, tortilla ni mayai na viazi. Sasa mwambie huyo mzee wa Mexico "no coma tortillas". Umemwambia aache ugali wake! Ataitikia kwa heshima, sí, sí, kisha aende nyumbani ale vilevile. Hapo umesaidia nani?

Ukidhani natia chumvi, sikiza kisa cha Florida, mwaka wa 1980. Kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Familia yake, watu wa asili ya Cuba, ilisema yuko intoxicado, kumaanisha amedhuriwa na kitu alichokula. Madaktari wakaelewa ni dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Kijana alibaki amepooza mikono na miguu, na kesi ikaisha kwa fidia ya takriban dola milioni 71. Neno moja tu.

Kwa hivyo jifunze maswali kabla ya amri. ¿Qué come usted en un día normal? Siku ya kawaida unakula nini? ¿Quién cocina en su casa? Nani hupika kwenu? Na ushike hilo usted, ndilo la heshima. Ukimwambia mzee tú kama beshte yako, usishangae akikununia.

Halafu kuna kitu hujaambiwa: Kiswahili kimekupa mwanya. Wazungumzaji wa Kiingereza hutoka jasho wakifika kwa "le recomiendo que reduzca la sal", kwa sababu kitenzi kinabadilika umbo ukishauri. Wewe husema "nakushauri upunguze chumvi" bila kufikiria. Punguza imegeuka upunguze, reduce ikageuka reduzca. Mchezo ni uleule.

Ila ujue mipaka yako. Hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu ya Marekani zinatakiwa kisheria kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Mambo ya dawa na matokeo ya vipimo, mwite huyo. Sentensi zako za simu ni za kubisha hodi tu.

Basi wiki hii, kabla hujakariri "epuka" hata moja, kariri maswali matatu. Kisha jifunze kunyamaza usikie jibu.