Sauti Zetu si Mateka

Nianze bila kupiga chenga. Wimbo uliorekodiwa kwenye mashine ambayo mafaili yake hayafunguki kwingine si wimbo wako. Ni mateka. Wewe umetoa jasho, umetoa mshiko, lakini ufunguo anao mwingine.

Najua wapo watakaoguna: "Aa, hayo si mambo ya mafundi mitambo? Sisi wasanii bwana, tuachieni kalamu na maiki." Haya. Mwandishi anayekabidhi mswada wake wa pekee kwa mchapaji bila kubaki na nakala, tunamcheka. Sasa mwanamuziki anayetoka studio na miksi tu mkononi, traki zake zote kaziacha ndani ya mashine ya watu, yeye tumwiteje?

Kwa asiyejua, rekoda ya traki nyingi huweka ngoma peke yake, besi peke yake, gitaa peke yake na sauti peke yake, ili baadaye fundi azichanganye. Miksi ni ugali ulioiva. Traki ndizo unga. Ugali haurudi kuwa unga, ndugu msomaji.

Ugomvi huu una historia. Miaka ya 1980 studio tajiri za dunia zilikuwa na kambi mbili: Sony na Studer walishika mfumo wa DASH, Mitsubishi na Otari wakashika ProDigi. Kanda ya kambi hii haikupigika kambi ile. Zikaja mashine za watu wa kawaida. ADAT ya Alesis ilianza kuuzwa mwaka 1992, traki 8 kwenye mkanda wa video wa S-VHS. Mwaka uliofuata Tascam wakatoa DA-88, nayo traki 8, ila kwenye mkanda mdogo wa Hi8. Zote dijitali, ndani ni 0 na 1 tupu, lakini hata waya zao za kupitishia sauti hazikupatana! Kuhamisha kazi ulihitaji mashine zote mbili na kifaa cha kutafsiri katikati, halafu usubiri wimbo upigwe mwanzo hadi mwisho.

Tukadhani diski zitatuokoa. Wapi! Apple walitoa AIFF mwaka 1988, Microsoft na IBM wakatoa WAV mwaka 1991. Sampuli ya biti 24 ina baiti 3: AIFF huanza na baiti kubwa, WAV huanza na ndogo. Nambari ileile, mmoja anaisoma kutoka kushoto, mwenziwe kutoka kulia. Mashine isiyojua tofauti hiyo inatema makelele.

Sound Designer II ya Digidesign nayo ilikuwa na kituko chake. Taarifa ya idadi ya sampuli kwa sekunde ilikaa kwenye sehemu ya pembeni ya faili, sehemu iliyotambuliwa na kompyuta za Macintosh. Ukilinakili faili ovyo kwenye diski ya Windows, sehemu ile inadondoka njiani. Kompyuta inabaki kubahatisha. Ikisoma sampuli 48,000 kwa mwendo wa 44,100, wimbo wa dakika 5 unajikokota hadi dakika 5 na sekunde 26, na mwimbaji wa kike anakuwa mzee wa baraza.

Miaka ya 2000 Alesis wakaleta HD24, traki 24 kwenye diski, lakini diski yenyewe ikaandikwa kwa mfumo wao wa FST. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya kawaida, haisomeki. Ulipita kwenye waya wa mtandao, polepole kama kobe, au ulinunua kifaa chao cha kuisomea. Nisiwaonee: walikuwa na hoja. Mfumo ule uliiwezesha diski ya bei nafuu kuandika traki 24 bila kukwama. Sawa. Lakini mlango wa kuingilia ukiwa mpana, kwa nini wa kutokea uwe tundu la sindano?

Mnadhani nachonga tu? Mimi na washikaji zangu tulirekodi nyimbo 4 kwenye studio moja hapa mjini, sitaitaja. Tulilipa hadi senti ya mwisho. Miaka ikapita, tukataka miksi mpya. Mashine yao ilikwisha kufa, wakatukabidhi diski isiyosomeka popote, na kauli moja: "Kwani shida nini? Rekodini upya." Turekodi upya na nani? Mpiga besi wetu tulishamzika. Vidole vyake vimo mle kwenye diski, na hakuna anayeweza kutufungulia.

Na dawa ilikuwepo! Mwaka 1997 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa Broadcast Wave. Ni WAV ileile, imeongezewa maelezo: nani karekodi, lini, na sauti ianzie sampuli ya ngapi. Kila kipande kinajua kiti chake. Hata ukomo wa WAV, gigabaiti 4, ulishapatiwa jibu: RF64 ya mwaka 2007. Ukomo huo si mchezo. Traki 24 za biti 24 kwa sampuli 48,000, zikibanwa kwenye faili moja, zinalijaza kwa dakika 20 hivi. Onyesho halijachangamka, faili limejaa! Kila traki ikiwa na faili lake, unapata zaidi ya saa 8.

Basi nasema hivi. Kwanza, kabla hujatoa hela, uliza: "Fundi, mafaili yangu yatatoka kwa fomati gani?" Akijiumauma, ondoka. Pili, dai kila traki kwa faili lake, WAV au Broadcast Wave, zote zianzie sekunde ileile ya mwanzo, ili yeyote azipange hata kwa programu nyingine. Usikubali kupewa faili la mradi peke yake; hilo linaielewa programu iliyolizaa tu. Tatu, andika kwenye karatasi jina la kila traki, idadi ya sampuli, biti na mwendo wa wimbo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtaniita mkorofi, poa. Siku hizi mashine nyingi zinaandika WAV bila ubishi, kwa hiyo fundi anayekunyima hana tena kisingizio cha mtambo. Anakunyima kwa sababu hujadai. Dai!