Tusiulize Nani Alikosa, Tuulize Mtoto Ana Miezi Mingapi

Akizaliwa mtoto mwenye kichwa kirefu chembamba, au paji lililochongoka, maneno ya watu humfikia mama kabla ya daktari. Huyu asema ni laana ya ukoo. Yule atamka uchawi. Maneno hayo tunayakataa.

Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni mifupa kadhaa iliyoungana kwa mishono laini, ili ubongo, unaokua upesi mno katika mwaka wa kwanza, upate nafasi. Kwa mtoto mmoja hivi kati ya 2,000 au 2,500, mshono hufunga kabla ya wakati. Ubongo ukizuiliwa huku, husukuma kule. Kichwa hupotoka, na pengine shinikizo la ndani hudhuru macho na akili. Dhambi iko wapi hapo?

Wengine husema kupasua ni urembo, ni kusahihisha kazi ya Mungu. Hao wanachanganya mambo. Wamangbetu wa Uele walifunga vichwa vya watoto kwa kamba kwa ajili ya uzuri. Mpasuaji hukata mfupa ili ubongo upate nafasi yake. Mfaransa Paul Tessier alieleza upasuaji wa fuvu na uso mbele ya madaktari huko Roma mwaka 1967, na tangu hapo kazi hiyo imeendelea sana.

Wengine husema: tungoje, tukande kwa maji ya moto. Kukanda hakufungui mshono uliofunga. Upasuaji mdogo hufaa katika miezi ya kwanza. Ule mkubwa kwa kawaida hufanywa karibu na mwaka wa kwanza. Baadaye mfupa hukomaa na kazi huwa nzito. Kweli, si kila kichwa kilichopinda ni ugonjwa: kilichobapa kwa kulala upande mmoja mara nyingi hujirekebisha. Lakini kutofautisha ni kazi ya daktari, si ya jirani.

Tunajua wapasuaji wa ubongo ni wachache nchini mwetu, na safari ni ghali. Basi kikundi kichange nauli, kimsindikize mama, kimnyamazishe msingiziaji. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumshitaki mtoto uchawi. Na katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipotafuta mkosaji kwa kipofu au kwa wazazi wake, Bwana aliwakatalia yote mawili, kisha akamponya. Sisi tunangoja nini?