Mcheza Kwao Hutunzwa

Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, jijini Bujumbura, hatakosa kukiona kibanda chenye kompyuta kuukuu, vipaza sauti viwili na kijana mmoja aliyeketi nyuma ya meza. Mteja humkabidhi kijana huyo simu au flashi, hulipa faranga chache, na baada ya muda mfupi huondoka na nyimbo kwa makumi, pengine na filamu juu yake. Kijana amepata chakula cha siku ile. Mteja amepata burudani ya mwezi mzima. Asiyekuwapo katika biashara hiyo ni mtu mmoja tu, naye ndiye aliyeiwezesha: mtunzi.

Jambo hili limezusha mabishano makali miongoni mwa wananchi. Wako wasemao kwamba huo ni wizi mtupu, na kwamba dawa ya mwizi ni kumkamata na kumnyang'anya vyombo vyake. Wako pia wasemao kwamba kibanda kile ndicho redio na sinema ya mnyonge, na kwamba mtu asiye na fedha za kununua hamwibii yeyote anaponakili. Kila upande una chembe ya ukweli, lakini hakuna upande uliokwisha kulitazama jambo lenyewe hadi mwisho wake. Hatuna budi kulitazama.

Tukiri kwanza kwamba walio safi ni wachache mno. Mwandishi wa maneno haya, alipokuwa kadeti, alibeba katika simu yake nyimbo mia kadhaa alizorushiwa bwenini kwa Bluetooth, wala hakumbuki kuulipia hata mmoja. Katika shule ile, kuchukua sabuni ya mwenzio bila idhini lilikuwa kosa la kuadhibiwa mbele ya kikosi kizima. Kuchukua wimbo wa mtu hakukuwa hata na jina. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo: wengi wetu hatujajifunza kuihesabu kazi ya akili kuwa ni kazi.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Wimbo wa dakika nne hauoti kama magugu. Mtunzi amekesha akiutunga, amelipia studio, amewalipa wapiga vyombo na fundi mitambo, na mara nyingi amekopa kwa ndugu na jamaa ili kazi ikamilike. Jasho hilo ni sawa na jasho la mkulima wa kahawa wa Kayanza au la mvuvi wa Rumonge. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba ndagala wa mvuvi wachukuliwe bure kwa sababu ziwa ni kubwa na mlaji ni maskini.

Ni kweli kwamba unakili wenyewe si jambo geni. Katika miaka ya 1970 na 1980, Afrika Mashariki nzima ilijaa kanda zilizodurufiwa madukani na majumbani. Lakini kanda iliyonakiliwa kutoka katika kanda ilizidi kufifia kila iliponakiliwa, na hatimaye msikilizaji alitamani ile ya asili. Faili la leo halifanyi hivyo. Nakala ya elfu moja ina sauti ile ile ya nakala ya kwanza, haigharimu kitu kuitengeneza, na kwa intaneti hufika Uvira, Kigoma na Brussels kabla mtunzi hajarudi nyumbani kutoka studio. Kwa sababu hiyo, mbinu zilizotumika dhidi ya kanda hazitoshi dhidi ya faili.

Wenzetu wa nchi tajiri walikwisha kulijaribu jambo hili kwa nguvu, nasi tuna wajibu wa kujifunza kutokana na yaliyowapata. Mwaka 1999 ilizaliwa huko Marekani programu ya Napster, iliyowawezesha watu wasiojuana kubadilishana nyimbo zilizomo katika kompyuta zao. Makampuni ya muziki yalikwenda mahakamani, na mwaka 2001 Napster ikafungwa. Je, unakili ulikoma? La. Mwaka 2003 ikazuka The Pirate Bay huko Sweden. Wenyewe wakahukumiwa vifungo na fidia mwaka 2009, na bado jina lile likaendelea kuonekana mtandaoni. Mwezi Januari 2012 serikali ya Marekani ikaifunga Megaupload, na wapakuaji wakahamia kwingine.

Ufaransa nayo, mwaka 2009, ilitunga sheria ya kuwaonya wanakili na hata kuwakatia intaneti wale wanaorudia kosa baada ya kuonywa. Mwaka 2013 adhabu hiyo ya kukata intaneti ikaondolewa. Ilionekana wazi kwamba intaneti ile ile apakuayo mtu wimbo ndiyo mtoto wake asomeayo na ndiyo mkewe aombeayo kazi. Huko Marekani, mwezi huo huo wa Januari 2012, miswada ya kuzuia tovuti za uharamia ilipingwa kwa kishindo, hata Wikipedia ya Kiingereza ikafungwa kwa siku nzima kuonyesha upinzani, na miswada hiyo ikawekwa kando. Waliopinga walihofia kwamba chombo cha kumzuia mwizi kingeweza kugeuzwa kuwa chombo cha kumziba mdomo asiye mwizi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa popote pale, na yeyote atakayependekeza kufungwa kwa tovuti katika nchi yetu sharti aonyeshe kwanza ni hakimu gani atakayeamua, na kwa utaratibu gani.

Katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki majaribio hayakukosekana. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na mwaka 2013 ikaanza kubandika stempu za kodi juu ya kazi za muziki na filamu ili nakala halali itambulike. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, ila muziki wenyewe ulikuwa umekwisha kuanza kuhama kutoka katika visahani kwenda katika simu, na stempu haibandikiki juu ya faili. Kenya, kwa marekebisho ya sheria yake ya mwaka 2019, iliweka utaratibu wa kuwataka watoao huduma za intaneti waondoe kazi iliyowekwa kinyume cha haki, baada ya kupokea taarifa ya mwenye kazi.

Nasi Burundi si kwamba tumekaa bila sheria. Amri ya Mei 1978 ilikwisha kuitambua haki ya mtunzi. Sheria ya tarehe 30 Desemba 2005 ikaipanua haki hiyo na kuwaingiza pia wapiga vyombo na watengenezaji wa kazi zinazorekodiwa. Ipo ofisi ya haki za watunzi, OBDA, yenye jukumu la kukusanya malipo na kuwagawia wenye haki. Mwaka 2016 nchi yetu ikaingia katika Mkataba wa Berne, unaotaka kazi ya mtunzi ilindwe katika maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo karatasi tunazo. Kinachotakiwa ni karatasi hizo zishuke hadi kibandani.

Na hapa tujikumbushe jambo linalotugusa sisi kuliko taifa lolote lingine. Katika miaka ya 1960 wataalamu kutoka Ufaransa walirekodi ngoma zetu, na sauti zile zikatolewa katika santuri ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa huko Ulaya, Mike Steiphenson, alizichukua sauti hizo, akazichanganya na gitaa na piano, akatoa santuri iliyoitwa Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia ngoma za Burundi katika wimbo wake mmoja. Kufikia mwaka 1980, vikundi vya vijana wa Uingereza, kama Adam and the Ants, vilikuwa vikijipatia umaarufu kwa mdundo uliotokana na ule. Dunia nzima ikacheza. Waliozipiga ngoma zile walijulikana kwa jina la nchi yao tu. Majina yao wenyewe hayakusikika katika kumbi zile.

Kila Mrundi asikiapo habari hiyo huona uchungu, na ana haki ya kuona uchungu. Katika lugha yetu neno ingoma lilikuwa na maana ya ngoma na ya ufalme pia. Si kitu cha kuokotwa njiani. Mwaka 2014 UNESCO iliuandikisha mchezo huo wa ngoma katika orodha ya urithi wa binadamu, na taifa zima likafurahi. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tunawezaje kulalamika kwamba Mzungu aliichukua ngoma yetu bila malipo, ilhali jioni ile ile tunabeba katika flashi wimbo wa kijana wa Kamenge tusiyemlipa hata faranga moja? Haki haina makabila mawili, moja la Ulaya na moja la Bujumbura.

Hata hivyo, haki inatutaka tumsikilize pia kijana wa kibandani. Yeye hujibu kwamba wanamuziki wengine humletea nyimbo wao wenyewe ili azisambaze, kwa kuwa bila yeye hawatajulikana. Anasema kweli. Hujibu pia kwamba mteja wake, hata angetaka kununua kwa halali, angeambiwa atoe kadi ya benki asiyokuwa nayo. Hapo pia anasema kweli. Spotify ilifunguliwa kwa Burundi mwaka 2021, lakini mlango uliofunguliwa kwa ufunguo asiokuwa nao mwananchi ni sawa na mlango uliofungwa. Kumnyang'anya kijana kompyuta yake, kisha kuondoka bila kumwonyesha njia nyingine, ni kumwongeza mtu mmoja katika jeshi la wasio na kazi, na kesho yake kibanda kingine kitafunguliwa nyuma ya kile.

Kwa maoni yetu, kazi hii ianzie juu, kisha ishuke. Wa kwanza kulipa wawe wakubwa: vituo vya redio na televisheni, hoteli, baa za ufukweni, mabasi na kumbi za harusi, ambao hutumia muziki kuvuta wateja na mapato. Anayepata faida kubwa ndiye apasaye kutangulia kutoa. Pili, vibanda vile visajiliwe, vipewe kibali kwa ada ndogo, na wenyewe wawe wauzaji wa halali wa kazi za wasanii wetu. Mteja alipe kwa fedha za simu, na sehemu ya malipo imfikie mtunzi. Tatu, kila mtunzi aiandikishe kazi yake katika ofisi inayohusika, kwa maana asiyejulikana hawezi kugawiwa. Nne, ofisi hiyo itangaze hadharani, kila mwaka, imekusanya kiasi gani na imemgawia nani. Mwananchi hulipa kwa moyo anapoona alichotoa kimefika.

Baada ya hayo, na baada ya hayo tu, sheria imshukie bila huruma yule atakayeendelea kudurufu kwa wingi na kuuza jasho la mwenziwe.

Na sisi wasikilizaji tunao wajibu usiongoja ofisi wala amri. Anayeweza kununua, anunue. Anayeweza kwenda katika tamasha, alipe kiingilio badala ya kutafuta mlango wa nyuma. Mzazi amfundishe mwanawe kwamba wimbo una mwenyewe, kama shamba lilivyo na mwenyewe. Waliotutangulia walisema mcheza kwao hutunzwa. Wasanii wetu wanacheza kwao, mbele yetu, na kwa lugha zetu. Tusiwaache waende kutunzwa ugenini.