Marie Curie Anaihusu Ayany

Marie Curie, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1867, ndiye aliyetambua kwamba mionzi ya urani hutoka ndani ya atomu yenyewe. Hoja kwamba maisha yake ni hadithi ya Ulaya, isiyomhusu mwanafunzi wa Ayany, mtaa ulio Kibera jijini Nairobi, haina mashiko.

Mwaka 1898 yeye na mumewe Pierre walitangaza poloniamu na radiamu. Ikafuata kazi ya sulubu. Katika banda lililovuja, Marie alichemsha mawe ya urani, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Mwaka 1902, baada ya kusafisha tani nzima za mawe hayo, alibaki na desigramu moja ya kloridi ya radiamu. Alipata Nobeli 1903 na 1911.

Wala radiamu haikuwa ya Ulaya pekee: kuanzia 1922, kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa ya radiamu duniani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la wachimba migodi Wakongo. Kuwasahau hao, kama hoja ile inavyofanya, ni dhuluma. Isitoshe, Hospitali Kuu ya Kenyatta, jirani na Kibera, hutibu saratani kwa mionzi, tiba ambayo hapo awali ilitumia pia radiamu.