Muulizeni Babu Kwanza

Kila Desemba sisi Wachaga tunapanda mlima kurudi nyumbani, na kila Desemba kuna mzee anayesafishiwa nyumba bila kuulizwa. Watu wakishuka kwenye magari ya Dar es Salaam, huanza na magazeti. Desemba iliyopita, kwetu Machame, yalitolewa sebuleni magunia matatu. Mengine yakaenda kwa mama muuza maandazi, mengine yakawashia moto wa kuchomea mbuzi. Babu, mwenye miaka 84, alitazama tu.

Hoja ya baba zangu wadogo siibezi. Babu analipia gazeti la kila siku, mawili ya michezo, Uhuru na Amani la kanisa letu la Kilutheri, na hata Kiongozi la Wakatoliki, nadhani ili ajue majirani wa Kibosho wanaambiwa nini. Yote huletwa na bodaboda kutoka mjini Moshi, na watoto ndio wanaotuma pesa kwa simu. Nusu yalikuwa hayajafunguliwa. Ni mengi, kweli.

Ila hakuna aliyeuliza kwa nini hayafunguliwi. Walisema "uzee", neno ambalo kwetu hufunga kila mjadala. Kumbe ni mtoto wa jicho! Ugonjwa huo hufanyiwa upasuaji, na KCMC, hapo chini tu, ina idara ya macho. Familia ilipata pesa ya mbuzi wawili wa Krismasi, lakini ikakosa asubuhi moja ya kumpeleka mzee akapimwe.

Nasomea uzamili wa historia, kwa hiyo hasira yangu ni mara mbili. Babu alikua wakati wa Komkya, gazeti la Wachaga la miaka ya 1950. Baba yake alikuwa mtu wa Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Kahawa iliyouzwa kupitia KNCU ndiyo iliyolipa karo, na ikabaki ya gazeti. Kwa watu wale, kulipia gazeti kulikuwa kama kuwa na kiti barazani. Nakala ngapi za Komkya ninazozitafuta leo ziliishia kufungia maandazi?

Halafu wanaomcheka ni sisi, wenye makundi 60 ya WhatsApp na majarida ya barua pepe tusiyoyafungua mwaka mzima. Nani ametuita wazee?

Kupunguza kunawezekana. Januari nilikaa na Babu, nikamsomea vichwa vya habari, gazeti moja baada ya jingine. Mwenyewe akayafuta yote mawili ya michezo. Simba na Yanga, akasema, anawasikia redioni. Kiongozi akalibakiza. Kazi yote ilichukua saa moja na birika la chai. Yaliyosomwa yataenda shule ya kata, akishayamaliza yeye, si kabla.

Tarehe ya upasuaji ameshapewa. Baba zangu wadogo nao wameshajulishwa kwamba magazeti yaliyobaki yamehamia chumba cha nyuma, na ufunguo Babu anatembea nao mfukoni.