Utamu wa Usukani

Wapenzi wa magari ya mbio bado hulisifu Datsun 240Z, gari lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lakini utamu wa usukani haumo katika kasi pekee. Huonekana pia katika mteremko wa Bugarama, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000, hadi Bujumbura kandokando ya Ziwa Tanganyika. Dereva hodari hupunguza gia kabla ya kona, injini ikalizuia gari, breki zisije zikapata moto na kukosa nguvu. Baiskeli zenye mizigo ya ndizi huteremka njia hiyo hiyo. Askari aliyepakia watoto wake hashindani na mtu. Ushindi wake ni kufika nyumbani salama.